Mipira Nyuma ya Sikuombi

Bagamoyo,
12 Machi 1972

Kwa mwanangu Biubwa binti Msabaha, Tabora.

Mimi baba yako Msabaha bin Dadi nina miaka sabini na mitatu, au na mitano, inategemea unamwuliza nani, na katika miaka hiyo nimezika wake wawili na ndugu zangu wote wa kiume, na mashua tatu zimeozea mikononi mwangu. Mjerumani nilimwona akikimbia nikiwa naota ndevu za kwanza. Mwingereza nilimwona akishusha bendera yake. Wote wamekwenda, na mimi muhogo wa kuchoma bado nautafuna kwa meno yangu mwenyewe. Nakwambia haya ujue kwamba anayekuandikia si mgonjwa, wala hakuna mtu aliyemshika mkono. Kisomo cha watu wazima kimefunguliwa huku, na mwalimu wetu Klementina, mke wa Fransisko ninayevua naye, amesema mbele ya darasa zima kwamba hajapata kuona herufi kubwa kama zangu.

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu Mohamedi, kwa mjukuu wangu Dadi na kwa mdogo wake, mke wangu Chausiku. Mwambie mumewe wa Bagamoyo bado anamngoja, mahari iko tayari, ni pweza wawili wakavu. Nyumba haijambo. Paa la jikoni linavuja, lakini linavuja upande nisiolala. Kuku amebaki mmoja, tumezoeana. Jirani yetu Bimdogo bado anakaanga samaki na bado ana mdomo.

Sasa neno lenyewe. Juzi nilipeleka samaki kwa mashua hadi Kunduchi. Nilipokaribia pwani nikaona boti ndogo inakwenda mbio, nyuma imefunga kamba, na mwisho wa kamba mpira wa ndani wa gurudumu la gari, ule mweusi unaotiwa upepo. Juu ya mpira mtoto wa Kizungu amelala kifudifudi anapiga kelele. Nikadhani anakufa. Nikageuza mashua nikamwokoe. Kumbe anacheka! Baba yake ndiye anayeendesha, naye anacheka. Nikakaa pale nikawatazama mpaka Fransisko akaniambia, mzee, samaki wanaharibika.

Nikasema moyoni, wajukuu wangu mimi wana upungufu gani? Mashua ninayo, na nyuma imefungwa mashine, nayo ni Sikuombi unayoijua. Mipira nitaipata kwa Mwinshehe fundi wa magurudumu. Bahari sikuazima kwa mtu. Basi shule zikifungwa Desemba, walete watoto niwakokote. Dadi ana miaka kumi na mmoja na hajakanyaga maji ya chumvi, na Chausiku nilimwona mara moja tu, akiwa wa kubebwa mgongoni. Sikuombi, nakupa habari tu.

Ni mimi baba yako,
Msabaha bin Dadi


Tabora,
21 Mei 1972

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila joto na vumbi. Barua yako ilifika kabla ya Maulidi, nami nimechelewa kujibu. Zamu za hospitali zimenizidi na sina neno la kujitetea. Niliposoma herufi zako nilicheka, kisha nikaiweka karatasi ndani ya msahafu isipotee.

Mohamedi yuko safarini na treni, ameniachia salamu zako. Dadi yuko darasa la tano, miguu yake haitulii, viatu vya Idi vimeshatoboka kwa mpira. Chausiku pia hajambo. Nimekutumia asali kwa mkono wa mtu wa reli. Usiimalize kwa siku moja kama ile ya mwaka juzi.

Habari ya mipira nimeisoma. Baba, watoto hawa hawajui kuogelea. Bahari wanaisikia kwenye redio. Na wewe unapoendesha mashua unatazama mbele. Nyuma atatazama nani? Desemba bado mbali, tutaona Mungu atakavyojaalia. Kula vizuri. Kanzu zako mpe Bimdogo akufulie, usione haya.

Binti yako,
Biubwa


Bagamoyo,
11 Juni 1972

Mwanangu Biubwa,

Nimepata barua na asali. Asali imekwisha. Nimefurahi kwamba nyote mu wazima. Huku mvua zimenyesha vizuri, paa sasa linavuja pande zote mbili, hivyo halina upendeleo. Kuku ametaga nje ya nyumba, sijui ananikomoa nini.

Umeniuliza nani atatazama nyuma. Mwanangu, mimi nimevua tangu hapa mpaka Saadani miaka hamsini, na mashua yangu hajapata kushika usukani mtu mwingine nami nimo ndani. Hata Fransisko. Nina macho mbele na nina macho kisogoni. Sikiliza nilivyotengeneza ndipo useme.

Mipira miwili nimeipata, ya lori, na sikuikubali kienyeji. Nimeizamisha kwenye pipa la maji nikatazama mapovu. Mmoja ulikuwa unapumua, Mwinshehe akauziba. Kile kinywa cha kutilia upepo ni cha chuma, kinaweza kumchana mtoto tumbo, basi mpira wote nimeuvika gunia na turubai, na chuma kimefunikwa. Kamba ni ndefu, mtoto awe mbali na rafadha, yale mapanga ya mashine yanayozunguka majini. Hapo Fransisko akasema, mzee, kamba hii ni ya katani, ikinywa maji itazama iende kwenye rafadha. Nikamwambia nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo. Nimeifunga maboya madogo kila baada ya pima moja, sasa inaelea kama jarife, wavu wa papa.

Na jambo kubwa kuliko yote: mtoto hawezi kupotea. Nitamfunga kiunoni kwenye mpira kwa fundo la papa, ambalo likivutwa linazidi kukaza, na kamba nitaifunga kwenye mashua kwa fundo lile lile. Papa wa pima mbili hajapata kulifungua, atalifungua mtoto wa Tabora?

Bimdogo alinikuta uani nashona turubai. Akasimama na sinia lake kichwani.

"Mzee Msabaha, huyo unayemshonea nguo ni tairi?"

"Ni mpira wa wajukuu zangu."

"Wako wapi hao wajukuu?"

"Wanakuja."

"Miaka yote wanakuja. Afadhali hata hilo tairi, linakaa nawe nyumbani."

Nikamwambia aende, ana samaki wa kuuza.

Nina swali. Habari ya Dadi umeandika mistari, viatu na mpira na darasa. Ya mke wangu Chausiku umeandika "pia hajambo". Amekuwa mrefu? Ana mbio kama wewe? Wewe ulikuwa unanikimbilia mpaka kwenye maji nikirudi, sijafunga hata nanga. Niandikie.

Baba yako,
Msabaha bin Dadi


Tabora,
30 Julai 1972

Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Mohamedi anakusalimu. Bei ya vitu imepanda, lakini tunakula.

Nimefikiri sana. Watoto hawatakuja Desemba. Bahari ni bahari, nami nitakuwa mbali. Tafadhali usiendelee kujichosha na hiyo mipira.

Nimekutumia asali nyingine.

Biubwa


Bagamoyo,
17 Septemba 1972

Kwa Biubwa binti Msabaha,

Baba yako anasema salamu nyingi na yeye ni mzima kabisa. Herufi hizi si zake, ni zangu mimi Klementina, kwa sababu mkono wake wa kulia umefungwa plasta. Ananitamkia na mimi naandika kama anavyosema.

Anasema: mwanangu, barua yako ya mistari minne niliipata. Nimeisoma kwa dakika moja, ndiyo maana sikuona haja ya kuijibu upesi. Asali nimepokea. Bimdogo hajambo. Mkono niliubana kwenye mlango.

(Hapa mzee ananitaka niandike mlango. Nimemwambia nimelelewa misheni na mkono wangu hauandiki uongo. Amekunywa maji. Sasa anasema niandike.)

Anasema: basi, si mlango. Uliposema hawaji, nilisema moyoni, huyu anadhani baba yake hajui kazi. Nitaipima kazi hiyo kwa mwili wangu nimwandikie ushahidi. Nikamwita Fransisko. Nikamwachia usukani, kwa siku hiyo tu, kwa kuwa mtu hawezi kuwa kwenye mashua na kwenye mpira kwa pamoja. Nikapanda mpira, nikajifunga kiunoni kwa fundo la papa, nikamwambia, tia moto.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Wallahi, Biubwa, ulikuwa mzuri. Maji yanakupita masikioni, tumbo linacheka lenyewe. Nilipiga ukelele kama yule mtoto wa Kunduchi. Watu wa pwani waliusikia, waulize.

Kisha wimbi likaupiga mpira kwa ubavu, ukapinduka. Mpira juu, mimi chini. Na mimi nimefungwa. Kadiri mashua ilivyovuta ndivyo fundo lilivyokaza, kama lilivyofundishwa. Fransisko anatazama mbele kama nahodha yeyote, na mashine inapiga kelele, hasikii kitu. Nilikokotwa kichwa chini kama papa wangu mwenyewe.

Aliyeniona ni Bimdogo, pwani. Alivua kanga ya juu akaipunga, akaingia majini mpaka kifuani na sinia lake la samaki likaenda na maji. Fransisko aliona kanga, akageuka, akazima mashine. Mkono ulivunjika katika kujitoa. Maji niliyotapika sikuyapima.

Anasema: sasa umejua. Usimwambie Dadi.

(Mimi Klementina naongeza, na nimemsomea na hili: haji tena kisomoni tangu siku ile. Jioni anakaa uani na mipira yake miwili. Tunampelekea chakula, anasema ameshakula. Hajala.)


Tabora,
4 Oktoba 1972

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua ya Klementina nikiwa zamu, ikabidi nitoke nje ya wodi. Mwambie namshukuru. Na Bimdogo, nitamtafutia sinia jipya huku, nalo nitamtumia.

Baba, umevunjika mkono kwa sababu yangu, kwa hiyo sitaandika tena "pia hajambo".

Chausiku hana mbio. Alipokuwa wa miaka miwili alishikwa na homa, na ilipomtoka mguu wake wa kushoto ulikuwa umelegea, haujarudi. Ni kupooza kwa watoto, mimi mwenyewe nafanya kazi hospitali na sikuweza kufanya kitu. Anatembea kwa mkongojo. Shuleni anakaa mbele asisukumwe. Ana akili, ana ubishi, anachora samaki ambao hajawaona. Ana miaka minane sasa, na miaka sita yote hiyo nimekuandikia kwamba hajambo.

Unajua kwa nini? Siku ya harusi yangu ulisimama mbele ya wakwe zangu ukasema: "Mmeoa kwa Dadi. Katika ukoo huu hajapata kuzaliwa mtu wa kubebwa." Watu wakakupigia vigelegele. Mimi nilikuwa ndani, nimefunikwa ushungi, nikaona fahari. Mtoto alipougua nililikumbuka neno lile, na tangu hapo sikulisahau.

Sikuogopa bahari, baba. Niliogopa macho yako siku atakaposhuka kwenye basi.

Ramadhani inakuja. Usifunge na mkono huo.

Biubwa


Bagamoyo,
14 Novemba 1972

Mwanangu Biubwa,

Plasta imetoka. Herufi zinatetemeka kidogo lakini ukubwa wake ni ule ule. Idi imepita salama, nimeswali, nimekula pilau kwa Bimdogo. Nimefunga mwezi mzima, maana kinywa hakikuvunjika.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Klementina alitaka kunisomea, nikakataa. Nimekwenda nayo polepole, kidole juu ya kila neno, na maneno mengine nimeyarudia, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Hayo niliyosema harusini siyakumbuki. Watu husema mengi harusini.

Sasa nikueleze kazi. Mafundo yote ya papa nimeyafungua. Fundo la papa ni la kitu unachotaka kukila. Hakuna mtoto atakayefungwa, si kiunoni, si mguuni, popote. Kwenye turubai nimeshona mishikio minne ya kamba laini, anayechoka anaachia tu. Mmoja wa mipira nimeutia sakafu ya turubai chini, na mgongoni nimeuinua kama kiti, mtu aweze kukaa ndani yake bila kujishikiza kwa miguu. Bimdogo ameshona vizibao viwili, ndani vimejaa maboya ya jarife. Kimoja nilikivisha kiroba cha mchanga uzito wa mtoto, nikakitupa majini. Kikaelea, uso juu. Nikakitupa tena mara nyingi, watu wakaacha kazi zao kunitazama.

Kamba haifungwi kwenye mashua. Inazungushwa mara mbili kwenye nguzo ya nyuma, na ncha iko mkononi mwa mtu. Akifungua vidole, imekwenda. Mtu huyo kazi yake ni kukaa ametazama nyuma, hasemi na mtu, hali kitu, hatazami samaki. Mtu huyo ni mimi. Usukani anao Fransisko. Nimemwambia ni wake siku zote za watoto, akauliza mara mbili kama ninaumwa. Mtoto akiinua mkono, tunapunguza mwendo. Akiulaza kichwani, tunasimama. Mashine inazimwa kabla mtoto hajapanda wala kushuka. Mtoto mmoja, mpira mmoja. Na tutakwenda kwenye ghuba ya Mbegani kulikotulia, si upande wa mdomo wa Ruvu, maana huko viboko hushuka.

Na nimewaza hivi: nchi kavu ndiyo inayomdai mtu miguu. Baharini hakuna anayetembea. Samaki hana mguu hata mmoja na hajapata kuitwa wa kubebwa.

Mashua nimeipaka rangi. Jina nimeliacha pale pale, Sikuombi. Lakini barua si mashua.

Baba yako,
Msabaha


Tabora,
29 Novemba 1972

Baba,

Shikamoo. Mohamedi amepata tiketi. Mimi sina ruhusa kazini, kwa hiyo watakuja na baba yao mdogo Ausi, ambaye atawafikisha mpaka Bagamoyo na kuwarudisha. Watafika tarehe tisa Desemba, wakae mpaka mwaka mpya upite.

Chausiku ameuliza kama mume wake wa Bagamoyo ana meno. Nimemwambia anayo, na maneno pia.

Asibebwe asipotaka. Akitaka, atasema.

Biubwa


Bagamoyo,
9 Januari 1973

Mwanangu Biubwa,

Nadhani watoto wameshafika, na Dadi ameshakueleza yote kinyume. Ndiyo maana nakuandikia mimi.

Siku waliyoshuka kwenye basi nilikuwa nimesimama kituoni tangu alfajiri. Dadi aliruka kabla gari halijasimama. Chausiku alikuwa wa mwisho. Aliweka mkongojo chini, akanitazama kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, akasema, "Huyu ndiye? Mbona mzee hivi?" Nikamwambia, "Na wewe mbona mfupi hivi, mahari yangu yote ile?" Tukapatana. Ulisema unaogopa macho yangu. Sijui yalifanya nini siku ile, mtu haoni macho yake. Lakini alishika mkono wangu huu uliovunjika akauliza unauma upande gani.

Mbegani tulikwenda maji yalipojaa na upepo umelala. Dadi alitangulia. Alipiga kelele mpaka akameza maji.

"Babu! Yana chumvi!"

"Ulidhani yametiwa sukari?"

Watoto wa pwani walikuwa wamejaa, kila mmoja anataka zamu. Chausiku alikaa mchangani, mkongojo mapajani, akasema yeye atatazama tu.

"Mke wangu, huendi?"

"Watanicheka."

"Nani?"

Akawaonyesha kwa kidevu.

"Hao hata mmoja hajapanda. Wakicheka ni wivu."

Alikaa muda. Kisha akatambaa mwenyewe mpaka kwenye maji, na hapana mtu aliyemgusa, kama ulivyoagiza. Akaingia kwenye ule mpira wenye sakafu. Bimdogo akamfunga vifungo vya kizibao. Akashika mishikio, akanitazama, uso umekuwa mdogo kama wa paka aliyelowa.

"Babu, usiniachie."

Nikamwambia, "Twende."

Fransisko alikwenda mwendo wa bata, kisha mwendo wa mtu aliyechelewa msikitini. Chausiku hakupiga kelele kama Dadi. Alifumba macho, kisha akafumbua jicho moja, kisha akaachia mshikio mmoja, halafu wa pili, akainyoosha mikono kama ndege. Watoto wote wa pwani walikuwa wanakimbia ukingoni wakiitana, "Tazameni yule! Tazameni yule!" Hawakusema yule kiwete. Walisema yule.

Basi likaja wimbi, lile lile, Biubwa, kwa ubavu. Niliuona mpira unainuka upande mmoja. Na nakwambia mkono huu umeshika kamba miaka hamsini, na kazi yake yote ni moja, kushika. Papa anavuta, unashika. Wavu umejaa, unashika. Na mtoto alikuwa ameniambia kwa mdomo wake nisimwachie.

Nikaachia.

Kamba ilipita vidoleni, maboya yake yakaruka moja moja. Fransisko akazima mashine kabla sijafungua mdomo. Mpira ulipinduka, ukakaa pale pale juu ya maji bila kwenda popote, na mtoto haonekani. Kisha kizibao kikamleta juu, kama kiroba cha mchanga, uso juu, nywele zote usoni. Akakohoa. Akanitafuta kwa macho. Akapaza sauti pwani nzima isikie:

"Mume wangu, nilikwambia usiniachie!"

Nikamwambia, "Nimekuachia ndiyo maana unanigombeza."

Tulimfikia kwa kasia. Nikamwuliza nimvute ndani ya mashua? Akasema hapana. Alikuwa amelala juu ya maji, mguu mzima na mguu mlegevu yote miwili inaelea sawasawa, akiitazama. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Tena."

Alikwenda tena, na kesho yake, na siku zote zilizokuwa na utulivu. Wale watoto walimpa cheo, yeye ndiye anayesema nani anafuata.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza na Ausi mpaka stesheni Dar es Salaam. Nilikuwa nimemchongea mkongojo mpya wa mkoko, mgumu na hauozi. Ule wa zamani akaniachia. Akasema nikizeeka nitauhitaji. Treni ilipoanza kusogea alitoa mkono dirishani, tukashikana, nikatembea nayo kidogo, kisha ikawa haina subira.

Sasa nyumba imerudi ilivyokuwa. Mipira nimeitoa upepo, nimeitundika ukutani, na vinywa vyake nimeviziba visiingie mchanga. Vizibao Bimdogo amevisuuza chumvi. Mkongojo uko nyuma ya mlango. Usiku upepo ukiusogeza nadhani ni mtu. Kisomoni nimerudi. Usukani nimemwachia Fransisko moja kwa moja, kwa kuwa nimezoea kukaa nyuma nikitazama tulikotoka, ingawa hakuna kamba. Likizo ijayo ni Juni. Jina la mashua limechujuka kwa maji, herufi mbili za mwanzo hazisomeki, sina haraka ya kulipaka.

Na huko mtaani kwenu mtu akisema Msabaha bin Dadi ni mzee wa majigambo, kwamba huyo hajapata kuachia kitu maishani mwake, mashahidi wangu ni hawa. Fransisko, aliyekuwa kwenye usukani. Klementina, ambaye mkono wake hauandiki uongo. Bimdogo, aliyekuwa majini mpaka magotini na kanga yake mkononi tayari, na safari hii hakuwa na haja ya kuipunga. Chausiku mwenyewe, mwulize hapo alipo. Na wa mwisho ni wewe, Biubwa, kwa kuwa uliachia kabla yangu, ulipowapandisha watoto treni pale stesheni ya Tabora, na hapakuwa na mtu wa kukupungia kanga.

Baba yako,
Msabaha